Soseji na Nyama za Slesi Zilizoandikwa "Light": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Lishe Yake

Haya ni maswali yanayorudiwa na watu waliosimama mbele ya friji la supamaketi wakiwa na pakiti mbili mkononi, moja ya kawaida na nyingine "light", na hiyo ya pili ndiyo ghali. Takwimu ni za kila gramu 100, pale tu isipotajwa vingine, na nyingi zimetoka kwenye hifadhidata ya vyakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Tumezizungusha kidogo. Bidhaa za viwanda vyetu hutofautiana, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni kibandiko cha pakiti uliyoshika.

## Misingi

1. Nyama "nyepesi" ni zipi hasa?

Ni nyama zilizosindikwa, yaani zilizotiwa chumvi, zilizofukizwa moshi au kuwekewa viambato vya kuhifadhi, halafu kiwanda kikazipunguzia mafuta au kalori. Humo mna slesi za kifua cha bata mzinga na cha kuku, hemu isiyo na mafuta mengi, pastrami ya ng'ombe, viena na soseji za kuku, na poloni au mortadela zilizopunguzwa mafuta.

Zigawe makundi mawili, maana majibu mengi hapa chini yanategemea mgawanyo huo. Kundi la kwanza ni la mnofu: kipande cha kifua au paja kimetiwa maji ya chumvi, kikapikwa, kikakatwa slesi. Kundi la pili ni la rojo: nyama, mafuta na barafu vimesagwa hadi vikawa uji mzito, ukamiminwa kwenye ganda na kupikwa. Ukitaka kujua umeshika kundi gani, chana slesi taratibu kwa vidole. Mnofu hufuata nyuzi zake. Rojo hukatika popote unapotaka. Mnofu wa kifua ulikuwa mwepesi tangu kwa mfugaji. Rojo jepesi ni kazi ya fundi wa kiwandani, na hapo ndipo pa kuangalia kwa makini.

2. Je, neno "light" lina maana ya kisheria au ni matangazo tu?

Inategemea pakiti imetoka wapi. Umoja wa Ulaya unataka kitu kilichoandikwa "light" kiwe kimepungua kwa angalau asilimia 30 kikilinganishwa na bidhaa za aina yake, na kiseme ni kitu gani kilichopungua. Marekani ina masharti mengine: kalori zipungue kwa theluthi moja au mafuta yapungue kwa nusu, na kama zaidi ya nusu ya kalori za bidhaa ya kawaida zinatoka kwenye mafuta, basi lazima mafuta ndiyo yapungue kwa nusu. Marekani pia wana neno "lean", ambalo kwa nyama ni mafuta chini ya gramu 10 kwa gramu 100, na "extra lean", chini ya gramu 5.

Kinachowapita wengi ni kwamba "light" na "reduced" ni maneno ya kulinganisha. Yanasema bidhaa imepungua kuliko ndugu yake, hayasemi kwamba imekuwa kidogo. Salami iliyoondolewa theluthi ya mafuta yake bado ina mafuta kuliko hemu ya kawaida ambayo haijajisifu chochote. Maneno yanayotaja kiwango chenyewe ni "low fat" na "lean". Mchoro wa jani la kijani au mwanamke anayekimbia ufukweni hauna sheria yoyote nyuma yake.

3. Basi nipe takwimu. Zina nini ndani?

| Kwa gramu 100 | Kalori | Protini (g) | Mafuta (g) | Sodiamu (mg) |
|---|---|---|---|---|
| Kifua cha kuku cha kupikwa nyumbani, bila ngozi wala chumvi | 165 | 31 | 4 | 75 |
| Slesi za kifua cha bata mzinga | 105 | 17 | 2 | 900–1,000 |
| Hemu "extra lean" | 110–130 | 17–19 | 4–5 | 950–1,400 |
| Hemu ya kawaida | 160 | 17 | 9 | 1,100–1,300 |
| Viena za kuku | 220–260 | 13–16 | 16–20 | 1,000–1,400 |
| Viena za ng'ombe | 310–330 | 11–12 | 28–30 | 850–1,100 |
| Bologna (jamii ya poloni) ya kawaida | 310 | 15 | 25 | 960 |
| Bologna iliyopunguzwa mafuta | 230 | 12 | 19 | 1,100 |

Tulia kwenye mistari miwili ya mwisho. Kalori zimeshuka, sawa, lakini protini nayo imeshuka na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, imepanda. Halafu piga hesabu: kila gramu ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo gramu 19 ni kalori 171 kati ya 230. Karibu robo tatu ya nguvu ya hiyo poloni "iliyopunguzwa" bado inatoka kwenye mafuta.

Sasa tazama mstari wa kwanza na wa pili. Slesi za bata mzinga zina kalori chache kuliko kuku wa nyumbani, na watu hushangilia hapo. Kilichozipunguza ni maji. Protini imeporomoka kutoka 31 hadi 17, na sodiamu imeongezeka zaidi ya mara kumi.

4. Mafuta yakitolewa, pengo linazibwa na nini?

Kwanza maji, na kwa kweli kwa sehemu kubwa ni maji. Lakini maji hayakai ndani ya nyama bila kusaidiwa, yanahitaji kushikwa. Ndiyo maana orodha ya viambato vya soseji nyepesi mara nyingi ni ndefu kuliko ya soseji ya kawaida: wanga wa viazi, mahindi au muhogo, protini ya soya, karajinani, ambayo hutokana na mwani na huandikwa E407, na fosfeti, E450 hadi E452, zinazoifanya protini ya nyama ivute maji na kuyang'ang'ania.

Hivi vyote vinaruhusiwa, na kwa mtu mwenye afya havina cha kutisha kwa kiasi kinachowekwa. Tatizo ni la mfuko wako: unanunua maji kwa bei ya nyama. Weka soseji mbili kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Ile yenye mafuta itajikaanga kwa mafuta yake. Ile nyepesi itatoa maji kwanza, ichemke kwenye maji hayo, kisha inywee na kukunjamana, huku povu jeupe likiganda pembeni. Povu hilo ni protini iliyotoka pamoja na maji.

Viambato huorodheshwa kwa uzito, kikubwa kikianza. Ukiona maji ni ya pili na wanga ni wa tatu, umeshapata jibu.

5. Pakiti inasema "97% fat free". Ina maana asilimia 3 tu ya kalori ni mafuta?

Hapana. Ni asilimia 3 ya uzito, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji yasiyo na kalori. Slesi zenye gramu 3 za mafuta na kalori 105 zinapata kalori 27 kutoka kwenye mafuta, yaani kama robo. Robo si mbaya hata kidogo, ila hiyo 97 iliyoandikwa kwa herufi kubwa inakufanya uone kitu kingine.

## Chumvi

6. Kwa nini chumvi haipungui pamoja na mafuta?

Kwa sababu chumvi kwenye nyama hizi ina kazi nyingi kuliko kukoleza. Ndiyo inayoyeyusha protini za misuli ili rojo lishikane. Bila hiyo soseji ingekatika kama ugali uliokosa kusongwa. Inashika maji na inawabana bakteria. Mafuta nayo hubeba ladha, kwa hiyo ukiyatoa bidhaa inapooza, na njia rahisi ya kuichangamsha ni chumvi na monosodiamu glutamati, E621. Hiyo E621 ina sodiamu pia, na fosfeti nyingi za jibu la 4 zinayo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai. Chukua gramu 60 za slesi za bata mzinga, kiasi kinachojaza sandwichi moja: ni kati ya miligramu 540 na 600, zaidi ya robo ya siku nzima, na hatujahesabu mkate, siagi yenye chumvi wala tomato sosi. Ukiniuliza ni namba gani moja ya kusoma kwenye pakiti ya "light", nitakwambia ni hii. Mafuta wameshakushughulikia. Chumvi wamekuachia.

7. Pakiti moja imeandika sodiamu, nyingine chumvi. Nazilinganishaje?

Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 1,000 za sodiamu ni gramu 2.5 za chumvi. Pakiti za Ulaya na Uingereza huandika chumvi. Za Marekani huandika sodiamu. Kwenye rafu zetu utakuta zote mbili, na nyingine zisizo na jedwali lolote. Kwa kipimo cha rangi cha Uingereza, chakula chenye chumvi zaidi ya gramu 1.5 kwa gramu 100 hupewa rangi nyekundu, na chenye 0.3 au pungufu hupewa kijani. Rudi kwenye jedwali la swali la 3: kila bidhaa ya kiwandani pale ingepata nyekundu.

Angalia pia jedwali limeandikwa kwa gramu 100 au kwa "serving". Kuna pakiti ambazo kipimo chao ni slesi moja nyembamba. Hakuna mtu anayekula slesi moja nyembamba.

8. Nikichemsha soseji kabla ya kukaanga, chumvi inatoka?

Kiasi fulani hutoka, na zaidi ukizikata kwanza na kumwaga maji. Haigeuki kuwa chakula cha chumvi kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza chumvi ya vinavyoandamana nazo: kachumbari isitiwe chumvi, chipsi zisinyunyiziwe, na mchuzi wenye vipande vya soseji usipewe na kidonge cha mchuzi juu yake.

9. Zile za "reduced salt" je?

Huko Ulaya na Marekani maneno hayo yanadai upungufu wa angalau asilimia 25. Ni afadhali ya kweli, japo bidhaa iliyoanzia miligramu 1,200 itaishia 900. Baadhi hufidia kwa kloridi ya potasiamu, E508. Kwa wengi ni sawa kabisa, lakini soma swali la 18 kama una shida ya figo au unakunywa dawa fulani za presha.

## Kuku, ng'ombe na smokie

10. Soseji ya kuku si ni nyepesi kuliko ya ng'ombe?

Kwa wastani ndiyo, lakini tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Neno "kuku" linamletea mnunuzi picha ya kifua cheupe, kumbe soseji inaweza kuwa imetengenezwa kwa paja, ngozi, mafuta ya kuku na nyama iliyokwanguliwa mifupani kwa mashine. Ndiyo maana viena za kuku kwenye jedwali zina mafuta hadi gramu 20, mara nne hadi tano ya hemu "extra lean" ya nguruwe. Kitu kimoja kinachoisaidia: mafuta ya kuku yana sehemu ndogo ya mafuta yaliyoshiba kuliko ya ng'ombe, hivyo kwa moyo ni nafuu.

Usichague kwa jina la mnyama. Chagua kwa mstari wa mafuta.

11. Na smokie za barabarani?

Smokie ni soseji ya rojo iliyopikwa na kufukizwa moshi, kwa hiyo iweke karibu na viena kwenye jedwali. Smokie pasua yenye kachumbari ni vitafunio vya kawaida, na kachumbari inaongeza cha maana. Smocha, yaani smokie ndani ya chapati, ni habari nyingine, kwa sababu chapati ina mafuta na wanga wake, na huo ni mlo kamili wa kalori. Usiile kama kitu cha kupozea njaa halafu ukaenda kula chakula cha mchana.

Zipo za kuku, lakini mwenye toroli hakuonyeshi pakiti. Muulize tu, wengi wanasema. La kuuliza zaidi ni kama smokie ni ya moto kweli au imekaa vuguvugu tangu asubuhi.

12. Zina madini ya chuma na vitamini?

Zinavyo, kwa kutegemea nyama iliyotumika. Za ng'ombe zina chuma, zinki na vitamini B12 za kutosha kutajwa. Za nguruwe ni tajiri kwa vitamini B1. Za kifua cha kuku na bata mzinga, ambazo ndizo nyepesi kuliko zote, ndizo pia haba kwa chuma. Mwenye upungufu wa damu aliyeambiwa ale nyama asipewe slesi za bata mzinga akadhani ametii; maini au nyama ya ng'ombe ya kawaida itamfaa zaidi, au dagaa na maharagwe pamoja na chungwa.

13. Naweza kuzitegemea kama chanzo changu cha protini?

Unaweza, ila piga hesabu ya bei kwanza. Pakiti ya gramu 200 ya slesi zenye protini 17 inakupa gramu 34. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo mayai sita yanaifikia na kuipita kidogo. Gramu 150 za maharagwe makavu nazo zinakaribia hapo hapo. Sasa linganisha bei za mtaani kwako. Sijaona soko la Afrika Mashariki ambako pakiti inashinda.

Ubora wake ni kwamba haihitaji kupikwa. Kwa mtu anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri hilo si jambo dogo, na sitambeza.

## Nitriti na saratani

14. Ni kweli Shirika la Afya Duniani lilisema soseji ni sawa na sigara?

Halikusema hivyo. Oktoba 2015, wakala wake wa utafiti wa saratani, IARC, uliweka nyama zilizosindikwa katika Kundi la 1, pamoja na tumbaku. Kundi hilo linapima uhakika wa ushahidi kwamba kitu kinasababisha saratani kwa binadamu. Halipimi ukubwa wa hatari, na kwa ukubwa sigara iko mbali sana.

Ukubwa wenyewe ulikadiriwa hivi: kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hiyo ni asilimia ya kile ulichokuwa nacho tayari. Tuseme katika watu 1,000 ambao hawali nyama hizi 50 wangepata ugonjwa huo maishani. Wakila gramu 50 kila siku wangekuwa 59. Mwenye kula soseji mbili Jumapili hayuko kwenye hesabu moja na mwenye kuzila kila asubuhi.

15. Je, hizi "light" zina hatari ndogo ya saratani?

Hakuna sababu nzuri ya kuamini hivyo. Kinachoshukiwa ni nitriti, moshi, na hemu, ile sehemu yenye chuma inayoipa nyama wekundu (jina tu ndilo linafanana na paja la nguruwe). Kupunguza mafuta hakuondoi nitriti wala moshi. Nyama za kuku zina wekundu mdogo, na huenda hilo linasaidia, lakini maelezo ya IARC kuhusu nyama zilizosindikwa yanataja na za kuku.

16. Nitriti zinawekwa za nini kama ni tatizo? Na zile "bila nitriti"?

Nitriti ya sodiamu, E250, huzuia *Clostridium botulinum*, bakteria anayetoa sumu inayoweza kuua. Huipa pia nyama rangi ya waridi na ile ladha tunayoijua. Tatizo ni kwamba ndani ya tumbo, au kwenye kikaango cha moto mkali, nitriti zinaweza kuungana na vijenzi vya protini zikawa nitrosamini. Viwanda huongeza vitamini C au jamaa zake, E300, E301 au E316, ili kupunguza jambo hilo. Wewe kwa upande wako usizikaange hadi ziwe nyeusi.

Kuhusu "bila nitriti ya kuongezwa": soma viambato. Ukikuta unga au juisi ya figili ("celery"), hiyo ni nitriti iliyopita mlango wa nyuma, kwa sababu figili ina nitrati nyingi asilia na bakteria huzigeuza nitriti. Molekuli ni ile ile.

## Watoto, wajawazito na wenye maradhi

17. Mtoto wangu anabeba soseji shuleni kila siku. Kuna ubaya?

Kila siku ni nyingi. Mwongozo wa Uingereza unaweka kikomo cha gramu 2 za chumvi kwa siku kwa mtoto wa miaka 1 hadi 3, na gramu 3 kwa wa miaka 4 hadi 6. Gramu 60 za viena zenye sodiamu 1,000 ni gramu 1.5 za chumvi. Mdogo hapo amebakiza nusu gramu kwa siku nzima. Zungusha na yai, samaki, njugu, au kuku wa jana.

Jambo la haraka kuliko chumvi ni kukabwa. Soseji iliyokatwa mviringo inaziba koo la mtoto sawasawa. Kwa walio chini ya miaka minne, ipasue kwanza kwa urefu mara mbili, kisha ikatekate.

18. Mgonjwa wa presha, kisukari au figo azile?

Presha: shida ni chumvi, na jibu la 6 linatosha. Mwambie daktari unazila mara ngapi, maana wengi hujibu "sili chumvi" wakimaanisha hawanyunyizi mezani.

Kisukari: wanga wake ni mdogo, mara nyingi gramu 2 hadi 5, kwa hiyo hazipandishi sukari kwa kishindo. Lakini mwenye kisukari mara nyingi ana presha pia, na hapo tunarudi kwenye chumvi.

Figo: hapa kuwa mkali. Fosfeti za kuongezwa hufyonzwa kwa wepesi kuliko fosforasi ya asili iliyomo kwenye maharagwe au nyama, na figo dhaifu haziwezi kuitoa ziada. Kloridi ya potasiamu ya jibu la 9 ni hatari zaidi, hasa kwa anayetumia dawa za presha kama enalapril, losartan au spironolactone, ambazo tayari hubakiza potasiamu mwilini. Ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Kwa mgonjwa wa figo, "chumvi pungufu" yenye E508 inaweza kuwa mbaya kuliko ile ya kawaida.

19. Mimi ni mjamzito. Nile?

Zipashe moto hadi zifuke mvuke, digrii 74 za Selsiasi, ndipo ule. Sababu ni Listeria, bakteria anayeweza kuongezeka hata ndani ya friji na kuharibu mimba. Mlipuko mkubwa kuliko yote iliyowahi kurekodiwa ulitokea Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018: watu zaidi ya 1,000 waliugua, zaidi ya 200 wakafariki, wakiwemo watoto wachanga wengi, na Machi 2018 chanzo kikatajwa kuwa poloni. Ilikuwa chakula cha watu wa kipato cha kawaida, kinacholiwa baridi kwenye mkate. Ushauri huu unawahusu pia wazee na wenye kinga dhaifu.

20. Nitajuaje kama ni halali?

Tafuta nembo ya chombo cha halali kinachotambulika nchini kwako. Jina la mnyama mbele ya pakiti halitoshi. Soseji ya kuku inaweza kuwa ndani ya ganda la utumbo wa nguruwe au la kolajeni ya nguruwe. Kwa upande mwingine usiogope maneno: huko Ghuba "hemu" ya bata mzinga na "bekoni" ya ng'ombe ni bidhaa za kawaida madukani. Kilishe, hemu ya bata mzinga hutiwa chumvi kama hemu nyingine yoyote.

21. Kuna dawa zinazogombana nazo?

Zipo. Salami na soseji kavu zilizochachushwa zina tairamini, ambayo kwa mtu anayetumia dawa za jamii ya MAOI inaweza kupandisha presha ghafla. Hizo ni dawa za sonona zinazotumika kwa nadra, lakini linezolid, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ina tabia hiyo kwa kiasi, na isoniazid kidogo. Viena na slesi zilizopikwa ambazo tarehe yake haijapita hazina tairamini nyingi. Zilizokaa wiki mbili wazi ni mambo mengine.

Mwenye pumu aangalie E220 hadi E228, salfaiti, kwenye soseji mbichi. Baadhi yao hubanwa kifua nazo.

## Kuhifadhi, na mambo madogo

22. Pakiti ikifunguliwa inakaa siku ngapi? Na umeme ukikatika?

Slesi siku 3 hadi 5 ndani ya friji la digrii 4 au chini yake. Soseji zilizopikwa kiwandani hadi wiki moja. Tarehe iliyochapishwa inahusu pakiti isiyofunguliwa. Umeme ukikatika, friji lisilofunguliwafunguliwa huhifadhi baridi kama saa nne. Nyama ikishakaa juu ya digrii 4 kwa zaidi ya saa mbili, itupe hata kama hainuki, kwa sababu Listeria hainuki.

Zile nyepesi zina maji mengi, na za chumvi pungufu zina kizuizi kidogo cha bakteria, hivyo usizitarajie zidumu zaidi ya nyingine. Ute unaonata kwenye vidole ni dalili kwamba muda umekwisha.

23. Ganda la soseji linaliwa?

La utumbo na la kolajeni linaliwa. Ganda la poloni, lile jekundu au la rangi ya chungwa, ni plastiki, limenye. Soseji nyingi za viena hupikiwa kwenye ganda la selulosi linalovuliwa kiwandani, ndiyo maana zinakuja bila ngozi. Mara moja moja kipande husalia, na hakidhuru.

24. Slesi zangu zinameta kijani na zambarau zikigeuzwa kwenye mwanga. Zimeoza?

Pengine hazijaoza. Kisu cha mashine kikikata nyuzi za misuli kwa kuzivuka, uso unaobaki huutawanya mwanga na rangi za upinde wa mvua huonekana, hasa kwenye pastrami na hemu. Igeuze slesi: rangi ikihama au kupotea, ni mwanga tu. Kijani kisichohama, au chenye ute na harufu ya uchachu, kinakwenda kwenye pipa.